Sura ya Saba: Bili ya Friji Huja Kila Mwezi

Kwenye makutano ya Linwood Boulevard na Prospect Avenue, mashariki mwa Kansas City, jimbo la Missouri, halmashauri ya jiji ilifanya jambo ambalo miji mingi ya Marekani huishia kulijadili tu. Mwaka 2016 ilinunua eneo zima la maduka lililokuwa limechakaa, ikalikarabati, na ndani yake ikawekwa supamaketi. Duka likaitwa Sun Fresh, likafunguliwa Juni 2018. Kwa jumla, fedha za umma zilizozama pale zilipita dola milioni 15. Wakazi wa mtaa ule, wengi wao watu Weusi wa kipato kidogo, walikuwa wamekaa miaka mingi wakifuata chakula mbali, na siku ya ufunguzi viongozi walisimama mbele ya kamera wakisema zama zile zimekwisha.

Agosti 2025 duka likafungwa. Miezi michache kabla ya hapo waandishi wa habari walioingia ndani walikuta rafu karibu tupu, sehemu ya nyama haina nyama, na harufu mbaya imetanda. Wateja waliokuwa wakifika 14,000 kwa wiki miaka michache nyuma walikuwa wamebaki kama 4,000. Hasara ya mwaka mmoja ilikaribia dola 900,000. Mwaka huohuo wa 2025 jiji liliidhinisha dola 750,000 nyingine za kuliokoa, zikamezwa bila mabadiliko ya kuonekana kwa macho.

Wapinzani wa maduka ya serikali walishangilia. Kwao kesi ilikuwa imekwisha: serikali haijui biashara, iachane nayo. Mimi nadhani walisoma ukurasa wa kwanza wa daftari la hesabu wakalifunga. Ukiendelea kulisoma daftari lile unakuta fundisho tofauti kidogo, na wanaopenda maduka haya hawalifurahii pia.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana ndiyo inayopuuzwa na pande zote mbili. Biashara ya vyakula ni ya faida nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Kwa takwimu za chama cha wenye supamaketi cha Marekani, mwaka 2023 katika kila dola 100 za mauzo, faida iliyobaki baada ya kodi ilikuwa kama dola 1 na senti 60. Sasa mtu mmoja aingie, achukue sabuni na maziwa ya kopo ya watoto vyenye thamani ya dola 20, atoke bila kulipa. Ili kuirudisha ile 20, duka linapaswa kuuza bidhaa za dola 1,250. Hapo hujagusa umeme wa friji, ambazo haziruhusiwi kuzimwa hata usiku duka likiwa limefungwa. Hujagusa letasi iliyonyauka ikatupwa, wala mlinzi wa mlangoni.

Duka la nguo likikosa wateja wiki mbili, gauni linabaki gauni. Duka la chakula likikosa wateja siku nne, nyanya zimekwenda. Na wateja wakipungua, mwenye duka anaagiza mzigo mdogo. Mzigo ukiwa mdogo, muuzaji wa jumla anampa bei ya juu, na akiona malipo yanasuasua anakataa kumpa mali kauli na kudai fedha taslimu. Rafu zinaanza kuwa na mapengo. Mama aliyekuja kuchukua vitu kumi anakuta sita. Safari ijayo, kama ana gari, anapitiliza hadi Walmart, na asiporudi tena, mzigo wa wiki inayofuata unapungua zaidi. Pale Linwood kulikuwa pia na wizi wa mara kwa mara na wauza dawa za kulevya waliojikusanya nje kweupe, mambo ambayo meneja wa duka hana uwezo nayo, lakini chanzo chochote ukitakacho, mwendo wa kuanguka ni huohuo.

Sasa angalia fedha za umma ziliingia wapi katika mwendo huo. Karibu zote ziliingia mwanzoni: kununua ardhi, paa, maegesho, mabomba, rangi. Vitu hivyo vina uzuri mmoja kwa mwanasiasa, kwamba vinapigika picha. Pengo la kila siku kati ya mauzo na gharama halikuwekewa fungu lolote katika bajeti, kwa sababu mpango mzima ulisimama juu ya matumaini kwamba duka likishajengwa litajiendesha. Zile 750,000 zilikuja mgonjwa akiwa hoi.

Kuna jambo jingine la Kansas City ambalo halitajwi sana. Jiji hilohilo lilisaidia supamaketi nyingine, ya Cosentino, iliyofunguliwa mwaka 2009 katikati kabisa ya mji, ndani ya mradi wa burudani na maghorofa uitwao Power & Light. Mradi ule ulijengwa kwa hati fungani za jiji za karibu dola milioni 295, kwa ahadi kwamba kodi za biashara zitakazochipuka pale zitalipa deni. Kodi hazikufika. Kwa miaka mingi jiji limekuwa likijazia pengo, mara nyingi kwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Fedha hizo ni za mradi wote, pamoja na baa na kumbi zake, lakini supamaketi imo humo chini ya mwavuli. Wakazi wa maghorofa yale, wenye mishahara mizuri, wananunua jibini na mvinyo kwa utulivu, na hakuna anayewaita wategemezi. Ruzuku ya kudumu ipo, ila imefichwa katika safu ya madeni ambako haimuudhi mtu. Ya Prospect Avenue ilitolewa hadharani kwa mkupuo, na ilipokwisha ikaitwa kushindwa.

Chicago nayo ina kisa chake. Meya Rahm Emanuel alitaka Whole Foods, duka la bei ghali kwa sifa, lifunguliwe Englewood, moja ya mitaa maskini ya upande wa kusini. Jiji likatoa dola milioni 10.7 kutoka katika mfuko maalumu unaokusanya ongezeko la kodi ya majengo ya eneo husika. Duka likafunguliwa Septemba 2016, kwenye kona ya mtaa wa 63 na Halsted. Mwaka uliofuata Amazon ikainunua kampuni nzima. Novemba 2022 tawi la Englewood likafungwa, pamoja na matawi mengine machache nchini ambayo kampuni iliona hayalipi. Kwa kampuni ule ulikuwa uamuzi wa kawaida wa mahesabu. Kwa Englewood ilikuwa miaka sita ya duka kwa milioni 10.7, na jengo zuri lililobaki likisubiri mpangaji.

Je, duka lenyewe, likiwa wazi, hubadilisha nini? Hapa utafiti umewavunja moyo wengi wenye nia njema. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba maskini wa Marekani wanakula vibaya kwa sababu wanaishi mbali na mboga, kwenye kile wanachokiita jangwa la chakula. Pennsylvania ilianzisha mfuko wa kusaidia maduka mwaka 2004, na serikali ya Obama ikaiga mpango huo kitaifa. Watafiti wakaenda Philadelphia kupima mtaa uliopata supamaketi mpya. Matokeo yao yaliyotoka mwaka 2014 yalionyesha kwamba watu waliona chakula kimekaribia, lakini uzito wao na kiasi cha matunda na mboga walichokula havikubadilika. Mwaka 2019 Hunt Allcott, Rebecca Diamond, Jean-Pierre Dubé na wenzao walichapisha uchambuzi mkubwa zaidi, wa manunuzi ya maelfu ya kaya. Walikadiria kwamba tofauti ya maduka yaliyo karibu inaeleza takriban asilimia 10 tu ya pengo la lishe kati ya tajiri na maskini. Zaidi ya hapo, Mmarekani wa kawaida husafiri kilometa 8 hivi kwenda kununua chakula hata akiwa na duka jirani, kwa sababu ana gari. Duka jipya likifunguliwa, kinachohama ni mahali pa kununulia, na kikapu kinabaki kilekile.

Ukisoma hayo haraka unaweza kuhitimisha kwamba ruzuku haina maana. Mimi naona yanamaliza hoja moja tu, ile ya afya. Bibi wa miaka 70 asiye na gari, mwenye goti bovu, anayebadilisha basi mara mbili na mifuko mkononi kwenye theluji, hajafanyiwa haki ukimwambia kwamba duka jipya halitapunguza uzito wake. Yeye hakuomba kupungua. Aliomba kununua mayai bila kupoteza nusu ya siku. Kumwondolea usumbufu ule ni huduma halali kabisa, na serikali zinagharamia za namna hiyo kila leo. Daraja halipimwi kwa kilo za wanaolivuka.

Hata hivyo huduma ina gharama ya kudumu, na sisi wa Afrika Mashariki tumewahi kuijaribu njia hii kwa ukubwa ambao Wamarekani hawajaufikia.

Tanzania ilitaifisha biashara kubwa ya jumla mwaka 1967 na kuiweka chini ya Shirika la Biashara la Taifa. Baadaye shirika hilo likagawanywa, na kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, zile RTC ambazo wenye umri wangu wanazikumbuka kwa foleni. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yaliagizwa kufungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika ya vijiji. Kufunga ilikuwa kazi ya siku chache. Kufungua hakukuwezekana kwa kasi hiyo, kwa sababu mwenye duka aliyefungiwa alikuwa na vitu ambavyo havikuandikwa kwenye waraka: alijua nani akopeshwe chumvi hadi mavuno, lori la nani linapita Alhamisi, mafuta ya taa yaagizwe kiasi gani msimu wa mvua kabla barabara haijakatika. Vijiji vingi vikabaki bila duka la aina yoyote, na serikali yenyewe ikalazimika kurudi nyuma. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vilikuwa vya kugawiwa katika maduka ya kaya, na mlanguzi akawa mtu muhimu kuliko meneja. Ruzuku ya unga wa sembe, iliyopitia Shirika la Usagishaji la Taifa, iliondolewa mwaka 1984.

Kenya ilikwenda kwa njia nyingine. Uchumi Supermarkets ilianzishwa mwaka 1975 kwa mtaji wa mashirika ya serikali, iuze bidhaa kwa bei nafuu na kuwapa wazalishaji wa ndani mahali pa kuuzia. Kwa miaka mingi ilifanya hivyo vizuri, ikaingia soko la hisa la Nairobi mwaka 1992. Kisha ikafungua matawi kuliko uwezo wake, ikafunga milango Juni 2006, serikali ikaingia na fedha ikafunguliwa tena mwezi uliofuata. Mwaka 2015 ikafunga matawi yake yote ya Uganda na Tanzania, wasambazaji wakiwa wanaidai, na serikali ikarudi mezani na mpango mwingine wa uokoaji, safari hii wa shilingi bilioni 1.8. Wakati huo Uchumi ilikuwa na wanahisa, na katikati ya Nairobi ilizungukwa na supamaketi za watu binafsi. Ningependa mtu anieleze mwananchi wa Turkana alikuwa akinunua nini kwa bilioni zile. Fedha zilikuja wakati wa kufa na hazikufungwa kwenye huduma yoyote unayoweza kuitaja: hakuna mtaa uliosemwa utahudumiwa, wala bei iliyosemwa itashushwa.

Mfano ulio kinyume upo, na la ajabu ni kwamba uko Marekani kwenyewe, nchi inayotetemeka ikisikia neno ujamaa. Tangu mwaka 1867 jeshi la nchi ile limekuwa likiwauzia askari wake chakula kwa bei ya kununulia. Leo wakala mmoja wa wizara ya ulinzi anaendesha maduka kama 235 katika kambi za ndani na nje ya nchi. Ni supamaketi kamili, zenye bucha na mikate, na mteja analipa bei iliyo chini ya ile ya mitaani. Maduka hayo hayapati faida na hayajawahi kuambiwa yapate. Kila mwaka bunge hupiga kura na kutoa zaidi ya dola bilioni moja kuziba pengo. Kila mwaka, kwa jina, kwenye kitabu cha bajeti. Mbunge asiyependa anaweza kusimama na kupinga, na wengine wamejaribu. Wastaafu wa jeshi huwajibu kwa simu na barua mpaka wanakaa chini.

Maduka ya kambi ya Marekani hayafi kwa sababu bajeti yake haikuandikwa kwa kujidanganya kwamba yatajitegemea. Tanzania ilikuwa na jambo la kufanana nalo, maduka ya vyombo vya ulinzi yaliyouza bidhaa bila kodi, na bajeti ya 2016/17 iliufuta msamaha huo, askari wakaahidiwa posho badala yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba bidhaa za msamaha zilikuwa zikivuja na kuuzwa nje. Unaweza kubishana na uamuzi ule, lakini walau ulifanywa kwa uwazi: huduma ina gharama hii, tunaona inavuja, tunaibadilisha kuwa fedha mkononi.

Hoja hiyo ya fedha mkononi ndiyo yenye nguvu kuliko zote za wapinzani, na siyo haki kuipita kimyakimya. Marekani tayari inawapa wenye kipato kidogo kadi ya chakula. Mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 40 waliitumia kwa mwezi, na gharama yake kwa mwaka ilikuwa karibu dola bilioni 100. Kwa nini basi usiongeze kwenye kadi na kuacha maduka yajitafutie? Mipango ya kuongeza ipo. Detroit ilianza mwaka 2009 mpango unaomwongezea mteja dola moja ya mboga na matunda kwa kila dola ya kadi anayoitumia kwenye masoko ya wakulima, na umeenea majimbo mengi. Ningeupigia kura kesho. Lakini kadi hufuata bei, na bei ya chini iko kwa mkubwa. Inakadiriwa kwamba Walmart peke yake hupokea karibu robo ya fedha zote za kadi hizo. Nayo hainunui mzigo kwa bei ambayo duka la mtaani hununulia. Kuna sheria ya mwaka 1936, ya Robinson na Patman, inayokataza muuzaji wa jumla kumpendelea mteja mkubwa namna hiyo, na tangu miaka ya 1980 serikali iliacha karibu kabisa kuitekeleza. Stacy Mitchell, mmoja wa watetezi wa maduka madogo, amedai kwamba kupotea kwa maduka katika mitaa maskini kulianza hapo. Naona amelibebesha jambo moja mzigo mzito mno, maana wazungu kuhamia viunga vya miji na supamaketi kuwafuata kulikuwa kumeshaanza miaka ya 1950. Hata hivyo mji unaofungua duka lake huku ukinunua mzigo ghali kuliko jirani anavyouza rejareja umeanza mbio mguu mmoja ukiwa shimoni.

Baldwin, mji mdogo wa Florida, uliligundua hilo. Duka lao pekee lilipofungwa, halmashauri ikafungua la kwake mwaka 2019, wahudumu wakiwa waajiriwa wa mji. Wakazi walilisifu, wakaendelea kufanya manunuzi makubwa kwingine, na kuja pale kwa mkate na soda. Mwaka 2024 likafungwa. St. Paul, Kansas, mji wa watu kama 600, unamiliki supamaketi yake tangu 2013, nayo ilivuka miaka kumi ikiwa wazi. Pale hakuna duka jingine la karibu la kulikimbilia, na kila anayeuliza kwa nini kodi yake iende dukani hukutana na diwani wake kwenye rafu ya sukari.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Fedha za umma zinaweza kwenda kwenye duka la chakula pale ambapo kuna watu wasio na njia nyingine, na pale tu ambapo baraza limekubali kuandika hasara ya kila mwaka kwenye bajeti, kwa kiasi kinachojulikana na kwa kipindi kinachojulikana, kama linavyoandika ya kivuko au ya maktaba. Pasipo hayo mawili afadhali kulipia basi la moja kwa moja hadi supamaketi iliyopo. Katikati ya mji penye wapangaji wa maghorofa sioni hoja yoyote. Wenye duka watakuja wenyewe kwa sababu fedha ziko pale.

Novemba 2025 New York ilimchagua Zohran Mamdani kuwa meya. Alizaliwa Kampala, na baba yake, Mahmood Mamdani, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka uleule wa Operesheni Maduka. Sijui kama wamewahi kulizungumza mezani, ningelipa nauli kusikiliza. Kati ya ahadi za kampeni ya mwana ilikuwamo ya maduka matano ya chakula ya jiji, moja kwa kila wilaya kubwa, kwa makadirio ya dola milioni 60. Kodi ya pango haitakuwepo wala kodi ya majengo, na akiba hiyo ndiyo itakayoshusha bei. John Catsimatidis, tajiri wa supamaketi za Gristedes, alipiga kelele mapema. Simhurumii sana yeye. Namfikiria zaidi mwenye duka dogo la pembeni, mara nyingi Myemeni au Mdominika, anayelipa pango la Bronx kwa jasho na ambaye jirani yake mpya hatalipa. Ikiwa jiji litachagua mtaa usio na duka kabisa, mtu huyo hatadhurika. Likichagua mtaa wenye kura nyingi, ataumia.

Mjadala mwingi wa New York umekuwa juu ya milioni zile 60, kana kwamba ndiyo bei. Ile ni bei ya kufungua tu. Ya kuendesha maduka matano katika mwaka wa sita, meya akiwa mwingine na magazeti yamehamia habari nyingine, haimo katika tarakimu hiyo, na diwani anayetaka kujua kama mpango ni wa kweli anaweza kuomba aonyeshwe ukurasa ule wa bajeti kabla hajanyoosha mkono.